Ngamia wa Ebla na Kiapo cha Kesho

Bishar mwanangu,

Assalamu alaykum. Kalamu hii ni ile ya korti, ile unayoicheka kwamba inavuja, na kweli inavuja, kwa hiyo ukiona madoa usije ukadhani baba yako alikuwa akilia. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu lugha yetu, tamu kama ilivyo mdomoni, haina herufi ambazo mimi na wewe tunaweza kuandikiana. Na Kiarabu changu ni cha kuswalia tu. Siwezi kugombana kwa Kiarabu. Barua hii ina ugomvi ndani yake, ingawa si na wewe.

Sasa ni baada ya alasiri. Umekwenda kumuaga ayeeyo yako upande wa pili wa kijiji, na namjua bibi yule, hatakuachia mkono mpaka askari waanze kufukuza watu waingie ndani. Mama yako anakukunjia mashati. Mambo ya mashati na sabuni, ya wapi ule na nani usitembee naye huko Nairobi, hayo ni yake. Ameanza tangu juzi na wala hajachoka. Mimi nina jambo moja tu, na sitalizungusha.

Kesho alfajiri, kabla lori lako halijavuka daraja, nataka unipe au uninyime ngamia wako wote.

Tulia. Kaa chini usome. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini nakujua. Ungesema "haye, aabo" kabla sijamaliza kuvuta pumzi, kwa sababu ndivyo nilivyokulea, na ndivyo baba yangu alivyonilea kwa fimbo. "Haye" ya namna hiyo haifai kwa jambo hili. Sheikh amenieleza wazi kwamba ridhaa isiyo na nafasi ya kukataa si ridhaa. Basi nakupa nafasi ya kukataa, na nafasi hiyo ni karatasi hii, maana karatasi haina macho ya kukukodolea.

Unajua yaliyotokea wiki iliyopita. Ngamia wa Ebla na mdogo wake Nuur, watoto wa marehemu abti yako, ndugu wa mama yako, wamekamatwa. Doria iliwakuta chini huko kuelekea Kotile, nje ya mpaka wa kuchungia ambao serikali imetuwekea. Ndani ya mpaka majani yamekwisha, na ngamia hasomi tangazo. Mchungaji wetu mzee Gedi alijaribu kuwaeleza askari kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Afande, hii ngamia ya mtoto. Baba yake hakuna." Maskini, alidhani anaomba huruma. Askari akamuuliza, "Baba yake hakuna? Amekwenda wapi?" Gedi akainamisha kichwa, na hilo likawa jibu. Mzee amerudi na jino moja pungufu, na ngamia wako ndani ya zizi la seng'enge kule mtoni, wanakula matawi makavu.

Usilolijua ni hili. Leo asubuhi niliitwa ofisini nitafsiri tangazo, maana ndiyo kazi yangu, kuwapa watu habari mbaya kwa lugha yao wenyewe. Tangazo linasema hivi: kesho, saa nne, mwenye mali aende zizini pamoja na shahidi, ashike Msahafu, aape kwamba ngamia ni mali yake. Akiaminiwa, atapewa. Ngamia wasio na mwenyewe, au walio wa mtu aliyeingia msituni, watapigwa risasi pale pale. Nililisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kulitamka. Ulimi wangu ulikuwa mzito, Bishar, na afisa akaniuliza kama naumwa.

Katika miaka yote niliyosimama kando ya meza ya korti, nimetafsiri sheria ya Mwingereza na sasa natafsiri ya serikali yetu. Yule mzungu alikuwa na kiburi cha kutosha mikoa mitatu, lakini ilipokuja kesi ya mali ya yatima aliwaita wazee wetu wakae, na aliuliza maswali mawili: nani anashika, na anamshikia nani? Sheria hii ya hali ya hatari ina swali moja tu. Mwenyewe ni nani? Haimjui mtu anayeshika kisicho chake. Nikisema, "Mimi ni wasii, mlezi wa mali, ngamia ni wa yatima," swali linalofuata ni "Yatima wa nani?" Na hapo ndipo watakapokufa ngamia, na pengine si ngamia peke yao.

Kortini wenzangu wameniambia, "Mzee, sema tu ni wako. Mungu si anaona?" Naam, anaona. Hapo ndipo penye shida.

Acha nikusimulie kesi moja, kwa kuwa unakwenda kufanya kazi katika ofisi inayopitia upya sheria za mirathi na za usimamizi wa mali, na sidhani kama huko watakusimulia. Wewe ulikuwa mtoto mdogo. Kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa swala tano, aliyeachiwa ng'ombe za watoto wa jirani yake. Ikaja amri ya kutoza faini mifugo ya ukoo wa yule marehemu. Mzee akasema mbele ya serikali, "Ng'ombe hizi ni zangu." Alisema uongo kwa kuwahurumia watoto, na faini haikuzigusa. Watu wakamsifu. Kisha akafa ghafla, kabla hajawaambia wanawe. Yatima walipokua wakaja kudai, na wana wa mzee wakashika Msahafu wakaapa kwamba ng'ombe walizirithi kwa baba yao, na kwamba baba yao mwenyewe alitamka mbele ya serikali kuwa ni zake. Walikuwa wanasema kweli! Hawakujua lolote. Nilitafsiri kila neno, sikuongeza wala sikupunguza. Siku ile hakuna hata mtu mmoja aliyesema uongo katika chumba kile, na yatima walitoka mikono mitupu. Binti mkubwa alinitazama mimi, si hakimu. Mpaka leo sijui kwa nini alinitazama mimi.

Kwa hiyo nikisema kesho "ni wangu", siku nitakapokufa ngamia wa Ebla watakuwa urithi. Mama yako atapata thumuni yake, wewe na dada zako mtagawana kilichobaki, na Ebla atapata chai ya matanga. Usiniambie kwamba wewe ungewarudisha. Labda ungewarudisha. Lakini dada zako watakuwa na waume, na waume watakuwa na ndugu, na mimi nimeona watu wema wakigeuka wakishaonja maziwa ya bure. Waulize hao wakubwa utakaofanya kazi nao: katika sheria yao mpya, pako wapi pa kuandika majina mawili, la anayeshika na la anayeshikiwa? Wasipokuwa na mahali hapo, hata waandike kwa wino wa dhahabu, hawajaandika kitu.

Nimeshasema neno "uongo" mara nyingi, na utakuwa unajiuliza kama baba yako amegeuka walii. Hapana. Nitakukumbusha siku ambayo hatujaizungumza humu ndani.

Ulikuwa shuleni. Walimleta abti yako mjini juu ya lori, pamoja na wengine wawili, wakawalaza chini pale uwanjani, na watu wote wakaamrishwa kupita. Mimi niliitwa nitafsiri. Afisa akasema, "Waulize nani anawajua watu hawa." Nikageuka kwa umma, nikauliza kwa sauti kubwa, kwa Kisomali kizuri, kama nilivyofunzwa: nani anawajua watu hawa? Mama yako alikuwa amesimama mbele yangu. Ndugu yake wa tumbo moja yuko chini, nzi wanamtembelea, na mimi mumewe namuuliza kama anamjua. Alinitazama usoni akatikisa kichwa. Hakutoa chozi. Ebla alikuwa mgongoni mwake, ingawa hakuwa tena wa kubebwa, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Nikamgeukia afisa nikasema, "Hakuna anayewajua."

Wallahi, Bishar, nimetafsiri maneno mengi, lakini yale ndiyo yaliyonizeesha. Walizikwa na mfungwa na trekta. Sisi tuliswali tukiwa ndani, milango imefungwa, bila maiti. Yule nilimkana kwa kutafsiri. Nikishika Msahafu kesho nikaapa uongo juu ya mali yake, nitakuwa nimemkana mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe. Siwezi. Nasema siwezi, sisemi sitaki.

Sasa utauliza walijuaje kwamba ngamia wale ni wa mtu wa msituni, ikiwa hakuna aliyemtaja. Hapo ndipo penye upumbavu wangu, na ni upumbavu wa kwetu kabisa. Mtu wa bara asingeweza kuufanya hata angejaribu.

Usiku ule abti yako alipoondoka alikuja kuniaga. Nilimwambia, "Wewe una watoto wasio na mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Ndiyo maana nakuja kwako." Tukagombana. Unajua tulivyokuwa, yeye na mimi hatukukubaliana hata juu ya sukari ya chai. Alitaka tuungane na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Mimi nilimwambia mpaka huo umechorwa na watu wenye bunduki kubwa kuliko yake, na kwamba nina mshahara wa korti na mtoto shuleni. Aliniita mtumwa wa karatasi. Nami nilimwita jina ambalo sitaliandika. Kisha akanishika mkono akasema, "Nisiporudi, wewe ndiye wasii. Wachanganye ngamia wangu na wako. Usiwatenge. Wewe utawajua, na Mungu atawajua, yatosha." Nikasema nimekubali. Akaenda.

Mimi, mjanja wa korti, sikufanya alivyoniambia. Habari za kifo chake zilipokwisha kupoa, maneno yakaanza kisimani. Wanawake wakasema, "Yule mkalimani ananenepa tangu apate yatima." Ah! Nilishikwa na hasira, sikulala. Mali ya yatima kwetu si mchezo; anayeila anakula moto, na hata mtoto wa chuo analijua hilo. Nikaita wazee, nikachinja mbuzi, nikawasha moto mbele ya watu, na kila ngamia wa Ebla na Nuur nikamtia shavuni, chini ya alama ya ukoo, ile mistari miwili mifupi iliyokuwa alama ya abti yako peke yake. Ili watu waone. Ili kila anayepita ajue huyu si wa mkalimani. Wazee wakanisifu mpaka nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na ingawa tembo hatunywi, maji niliyatia kweli kweli.

Mistari miwili ile ndiyo iliyosomwa na mpelelezi wao pale mtoni. "Hii ni alama ya fulani, aliyekuwa msituni." Kwa moto wangu mwenyewe niliwaandika ngamia wa yatima shavuni kwamba ni wa shifta. Nilitaka kuonekana mwaminifu. Marehemu aliniomba niwe mwaminifu nisionekane, nami sikuweza kuuvumilia ule wa pili. Kama kuna kitu nataka ubebe uende nacho huko, ni hiki, na sitakirudia, kwa sababu kukirudia ni kuhubiri.

Basi leo baada ya adhuhuri nilikwenda kwa Sheikh. Nilimwambia, "Nina ngamia walio hai ndani ya mpaka, na yatima wana ngamia walio ndani ya seng'enge. Tubadilishane. Yatima wachukue walio hai, mimi nichukue walio katika hatari, kisha kesho niape kwa haki kwamba ni wangu." Akakuna ndevu kwa muda mrefu, mpaka nikataka kumshika mkono. Akasema, "Haiwezekani. Mlezi hajiuzii mali ya yatima, wala habadilishani nayo kwa nafsi yake. Utaniuliza, hata ikiwa faida ni ya yatima? Hata hivyo. Ukifunguliwa mlango huo leo kwa wema, kesho atapita mwizi." Nikainuka kwenda. Akaniita, "Wewe, kaa! Na hao ngamia walio hai ni wako kweli?"

Nikakaa. Kwa sababu alijua, kama ujuavyo wewe, kwamba si wangu.

Wangu wamekwisha. Wengine kiangazi, wengine faini, na wengine karo ya shule, na sisemi hivyo kukusimanga, ilikuwa biashara nzuri kuliko zote nilizofanya. Waliobaki ndani ya mpaka wote ni uzao wa jike mmoja, na jike huyo ni wako tangu siku uliyozaliwa. Siku ile mama yako alipojifungua, abti yako alifika kabla ya mkunga kunawa mikono. Alikuja na mtamba mwekundu, mwenye kengele ya mti shingoni, koor aliyoichonga mwenyewe. Kitovu chako kilipokatwa alikifunga kwenye mkia wa mtamba yule, akasema mbele ya wote, "Huyu ni wa Bishar, na atakayezaa ni wa Bishar, na asiguswe na baba yake hata akifa njaa." Aliongeza hayo ya mwisho kwa kunitazama mimi. Watu wakacheka. Sikuwagusa, na njaa ilikuja mara mbili.

Nilikuwa nimejiapiza nisikutajie hilo la kitovu, nisije nikakulazimisha kwa machozi. Lakini ah, nimekutajia, na nimekutajia makusudi. Mimi si malaika. Ila usilihesabu kama deni. Zawadi ya kitovu hairudishwi, mwenyewe alikupa, na huwiwi na mtu.

Sheikh akasema, "Basi mwenye ngamia ni kijana wako, naye ni baleghe mwenye akili zake. Wewe kama wasii waweza kubadilishana naye kwa niaba ya yatima, maana anayeingia hatarini ni mtu mzima aliyeridhia, na anayetoka hatarini ni yatima. Aje mwenyewe alfajiri, atamke mbele ya mashahidi wawili. Lakini mwambie kila kitu kwanza. Ukimficha jambo moja, sitaandamana nawe."

Kwa hiyo nakuambia kila kitu.

Ukikubali, ngamia wa kitovu chako, pamoja na uzao wake wote, watakuwa wa Ebla na Nuur tangu alfajiri, hata kama jua likichomoza ukajuta. Wewe utakuwa mwenye ngamia wa zizini. Mimi nitakwenda saa nne kwa niaba yako, kwa kuwa lori litakuwa limekuchukua, nishike Msahafu, niape, na nitaapa kweli tupu, kwamba ni mali ya mwanangu Bishar. Afisa anaweza kusema, "Vizuri, kijana wetu anayekwenda kazi ya serikali," akawaachia. Au anaweza kusema, "Ilikuwaje ngamia wa karani wetu wana alama ya shifta?" Nitamwambia walibadilishwa leo, naye ataamini au hataamini. Asipoamini atawapiga risasi, nawe utakuwa huna hata mkia. Na jina lako litakuwa limetajwa mahali pasipo pazuri. Linaweza kukufuata Nairobi. Wanaweza kukuita siku moja kwenye ofisi ile na kukuuliza, na kiti chako kikapewa mwingine. Nimekaa karibu na watu hao, najua jina hupita haraka kuliko lori. Hilo ndilo ninaloliogopa tangu adhuhuri, si ngamia.

Ukikataa, nitakwenda zizini nikanyamaze, nao watapigwa risasi, na nitawalea Ebla na Nuur kwa mshahara wangu kama ninavyowalea sasa. Watakula tutakachokula. Hakuna atakayejua kwamba uliulizwa. Mama yako hajui ninakuandikia nini. Anadhani nakupa nasaha juu ya wanawake. Sheikh si mtu wa kusema, na mashahidi hawataambiwa neno mpaka wewe utamke. Na mimi, naapa kwa aliyeniumba, sitakuangalia kwa jicho jingine. Mtu haandikiwi kosa kwa kutotoa kilicho chake. Kosa huandikiwa aliyeshika cha mwenzake, naye ni mimi.

Lakini hasira ninayo, Bishar, wacha niitoe kabla wino haujaisha. Nina hasira na abti yako aliyeniachia watoto na alama. Nina hasira na afisa ambaye ni umri wako na anataka kujua mwenyewe nani, mwenyewe nani, kama kwamba duniani kuna vitu vya mtu mmoja mmoja tu. Nina hasira na wale wanaotuwinda kutoka msituni na wale wanaotuhesabu kutoka lorini. Na ninajikasirikia mwenyewe kwa mbuzi yule niliyemchinja, maana hata nyama yake ilikuwa ngumu.

Jana Ebla aliniuliza ngamia wake watarudi lini. Anamtaja kila mmoja kwa jina la mama yake, kama alivyofundishwa na baba yake. Nikamwambia inshallah. Akasema, "Adeer, ukisema inshallah ya kweli unatazama mtu. Hii umeisema ukitazama chini." Mtoto huyu angepelekwa Nairobi badala yako, serikali ingetengenea.

Sasa kuhusu karatasi hii. Darajani wanapekua kila kitu, mpaka soli za viatu. Ukimaliza kuisoma itie kwenye moto wa mama yako, uhakikishe imekuwa jivu, kisha ukoroge kwa kijiti. Usiibebe kwa ajili ya mapenzi. Mapenzi ya namna hiyo yamewafikisha watu pabaya.

Kengele ile ya mti, koor ya abti yako, tuliivua shingoni kwa ngamia siku askari walipotuamrisha tusichunge kwa kelele. Unaijua ilipo, inaning'inia kwenye mti wa kati wa nyumba, juu ya sanduku lako. Kesho alfajiri nitatangulia msikitini, mimi na Sheikh na mashahidi wawili. Ukikubali, ivue uje nayo. Ukikataa, iache ilipo, uje uswali tu kama siku zote.

Nitakuwa nimekaa safu ya mbele, mgongo kwa mlango, na sitageuka, ili usione uso wangu wala mimi nisione mikono yako. Lakini kengele ya mti haijui kunyamaza mtu akitembea nayo, na masikio yangu bado ni ya mkalimani. Nitakusikia tangu uani. Na kama nitasikia miguu yako peke yake, mwanangu, nitasogea nikupishe mahali pembeni yangu, tuswali, kisha nitakubebea sanduku lako mpaka kwenye lori, mimi mwenyewe, kichwani, na ole wake atakayejaribu kunipokea.

Aabo yako